Kufungua hedi ya pikipiki ya zamani: soma masizi kabla ya kuyaosha

Makosa mengi ya kazi ya hedi (kichwa kinachofunika silinda), silinda, valvu na pistoni hutokea pale fundi anapofungua kila kitu kwa haraka, akakitumbukiza kwenye petroli na kukisugua hadi king'ae. Masizi yale ndiyo yaliyokuwa yakieleza ugonjwa. Haya yanahusu hasa injini za stroki nne zenye silinda moja au mbili.

Kipimo cha kwanza hufanywa kabla ya kufungua chochote. Washa injini ipate moto, izime, toa plagi na ufunge geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Zungusha mshiko wa mafuta hadi mwisho, kisha piga kiki mpaka mshale uache kupanda. Andika namba. Tia oili kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi (pete zinazozunguka pistoni) au silinda zimechoka. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi na silinda.

Sasa iache ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Hedi ya aluminiamu ikifunguliwa ya moto huweza kupinda. Chomoa betri, funga koki ya petroli, ondoa tanki, kabureta na ekzosi. Nati za ekzosi ndizo zinazotesa kuliko zote, kwa sababu boltu za chuma zimekaa miongo kadhaa ndani ya aluminiamu na kushikwa na kutu. Zipake mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla. Zikigoma, pasha moto hedi kuzunguka boltu, mbali na petroli yoyote. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo mshiko hulegea. Kulazimisha kwa spana ndefu hukata boltu, na kuitoboa iliyokatikia ndani ni kazi ya siku nzima.

Kabla ya kugusa nati za hedi, zungusha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hadi pistoni ifike juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Hapo springi hazisukumi kitu. Kama injini ina cheni ya taimingi, ifunge kwa waya isidumbukie chini. Kama ina fimbo za kusukuma valvu, toboa kipande cha boksi matundu, uandike "ingizo" na "ekzosi", uzichomeke humo kwa mpangilio, upande wa juu ukibaki juu. Kila fimbo imeshalika pamoja na mwenzake, na kuzichanganya ni kuanzisha ulikaji mpya.

Legeza nati kwa msalaba, robo mzunguko kila moja, ukirudia. Hedi ikiganda, usichomeke bisibisi kwenye gasketi, maana mkwaruzo mmoja hapo ni njia ya gesi kuvuja. Usigonge mapezi ya kupoozea pia, hasa ya chuma cha kusubu, kwani huvunjika kama kigae. Rudisha plagi, bakiza nati zikiwa zimelegea mizunguko miwili tu, unganisha tena fimbo au cheni uliyoondoa, kisha piga kiki taratibu. Kompresheni yenyewe itaibandua.

Hapa ndipo pa kusoma. Masizi meusi yenye unyevu wa oili yanaelekeza kwenye ringi au gaidi za valvu, yaani mirija ambamo valvu huteleza. Meusi makavu kama unga yanasema petroli imezidi. Mstari mweusi unaokatisha gasketi kutoka kwenye silinda kwenda nje unaonyesha mahali gesi ilipokuwa ikipita. Piga picha, ndipo uoshe. Gasketi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo zikwangue zikiwa zimelowa maji, usizipige msasa.

Unaponyanyua silinda, ziba mdomo wa krenki kwa kitambaa safi mara tu nafasi inapotokea. Kipande cha ringi kikianguka chini, injini nzima itabidi ifunguliwe. Klipu za pini ya pistoni hazitumiwi mara ya pili. Pini ikikaza, pasha pistoni kwa kitambaa cha maji ya moto na uisukume. Ukiigonga kwa nyundo bila kuegemeza pistoni, utapindisha konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Ukiwa hapo, vuta konrodi juu na chini. Kucheza kidogo kuelekea pembeni ni kawaida, lakini ikicheza juu na chini, beringi yake ya chini imekwisha, na ringi mpya hazitasaidia kitu.

Ringi moja isukume ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, kisha pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya). Kipimo cha jumla ni milimita 0.3 hadi 0.4 kwa kila milimita 100 za kipenyo, ila kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Valvu zijaribu kwa kumimina mafuta ya taa kwenye njia za hedi. Yakichuruzika kwenye siti (mahali valvu inapokalia ikifunga), zinahitaji kusagwa.

Ukishafunga na kuiendesha mpaka ipate moto, iache ipoe, kaza hedi tena kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), ndipo urekebishe nafasi ya valvu, yaani mwanya wake. Usigeuze mpangilio huo, kwa sababu kwenye injini za fimbo, kukaza hedi hupunguza nafasi uliyokwisha kuipima.