Ketamini, halotani na damu ya ubongo

Swali: Mimi ni muuguzi wa usingizi hapa Goma. Majuzi tulimpokea kijana mwendesha pikipiki aliyeumia kichwa. Daktari wa upasuaji alikataa dawa ya usingizi ya ketamini, akisema itapandisha shinikizo ndani ya fuvu, akaagiza halotani, dawa ya usingizi ya kuvutwa. Je, alikuwa sahihi?

Jibu: Ndugu muuguzi, hofu yake ina asili, lakini kwa mgonjwa huyo mimi ningeiogopa halotani zaidi.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote, na kwa kawaida hupata damu kwa kadiri ya kazi unayoifanya. Tiopentali na propofoli, dawa za usingizi za kudungwa mshipani, huheshimu uhusiano huo: kazi ya seli ikipungua, mishipa hujibana, damu hupungua na fuvu hupata nafasi. Halotani nayo hupunguza matumizi ya oksijeni, lakini papo hapo hulegeza mishipa yenyewe, hivyo kipimo kikizidi damu hujaa ndani ya fuvu lisiloweza kutanuka. Isoflurani, dawa nyingine ya kuvutwa, hufanya hivyo pia, kwa kiasi kidogo zaidi.

Ni kweli kwamba ketamini huongeza mtiririko wa damu ya ubongo, na sifa yake mbaya ni ya tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, kwa mgonjwa anayesaidiwa kupumua vizuri na aliyepewa pia dawa ya kutuliza, haijaonekana kupandisha shinikizo la fuvu kwa kiwango cha kuhofisha, tena haiangushi shinikizo la damu, ambalo ndilo linalousukumia ubongo damu.

Kinachonishughulisha zaidi ni mkono unaobonyeza mfuko wa hewa. Pumzi zikiwa haba, hewa ya ukaa hupanda katika damu, na ikipanda kwa milimita 1 ya zebaki, damu ya ubongo huongezeka kwa karibu asilimia 3. Kutoka 40 hadi 55, hiyo ni karibu nusu ya ziada. Nimewahi kuona mfupa ukiondolewa na utando wa ubongo ukiwa umekaza kama ngozi ya ngoma. Tulipunguza halotani, tukaongeza pumzi, na baada ya dakika chache utando ule ukalegea, ukaanza kudunda pamoja na moyo. Lenga hewa ya ukaa ya 35 hadi 40, wala usimpumulishe kupita kiasi kwa muda mrefu, kwa sababu mishipa ikijibana mno ubongo hukosa damu. Msipokuwa na kipimo cha hewa hiyo, hesabu pumzi na utazame kifua kikiinuka. Shinikizo la damu lipime kila baada ya dakika chache, na kwa kijana kama huyo usiache lile la juu lishuke chini ya 110.