Pipi laini za zabibu: jelatini na jua la Dodoma haviivi chungu kimoja

Jamani zile pipi laini za matunda zilizozungushiwa sukari, watu wanadhani lazima zitoke kiwandani. Mi natengeneza jikoni kwangu hapa Dodoma kwa zabibu zetu hizi hizi, ila sukari niliyoharibu kabla sijajua we acha tu.

Mara ya kwanza nilitumia jelatini, ile ya kugandishia inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, kama nilivyoona kwenye video. Kwenye friji zikatoka nzuri hatari, nikamfungia binti yangu kwenye kopo apeleke shule siku ya bethidei yake, mwezi wa kumi huo, jua mnalijua, saa sita wanafungua kopo wanakuta uji wa zambarau. Jelatini joto la kiganja tu linaiyeyusha. Halafu jirani akaniuliza hii ni ya ng'ombe au ya nguruwe, pakiti haijaandika, nikabaki natumbua macho. Toka hapo ni agar agar tu, ile ya mwani, ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie kuchemka. Ukweli usemwe, haivutiki kama jelatini, inakatika tu kwenye jino, mi naipenda hivyo.

Zabibu subiri msimu, mwezi wa pili na wa tatu au wa nane na wa tisa, ukipita njia ya Iringa pale Mpunguzi unazikuta kwenye ndoo. Chukua nyekundu. Ponda, chemsha kidogo na maganda yake maana rangi iko kwenye ganda, chuja upate kikombe kimoja. Sufuria nyingine tia maji kikombe kimoja na agar agar ya unga vijiko vya chai vinne, koroga ikiwa ya baridi ndo ubandike, ichemke dakika mbili tatu mpaka usione chengachenga. Mwaga sukari vikombe viwili na nusu, koroga mpaka ukiinua mwiko inashuka kama uzi. Epua ndo utie juisi, na iwe ya moto, mi niliwahi kumimina ya kwenye friji ikaganda mabonge palepale! Ndimu nayo mwisho kabisa, agar agar ikichemka na uchachu muda mrefu inalegea.

Mimina kwenye trei, ikiganda kata. Sasa hapa ndo wengi mnafeli, mnazungushia sukari siku hiyo hiyo, pipi inatoa maji na sukari inageuka ulimbo. Zipange kwenye ungo, funika na kipande cha chandarua maana vumbi la huku halina adabu, geuza kila siku, siku tatu nne kiangazi zinafanya kagamba kwa nje. Dada yangu yuko Tanga alianika wiki nzima bado mbichi, unyevu wa kule. Kagamba kakishashika ndo sukari, halafu kwenye kopo, sio friji.

Na miguu ya meza iweke kwenye makopo ya maji. Mi nililala bila kuweka, asubuhi ungo mzima ulikuwa wa sisimizi.