Jibu: Majimbo yenye watumwa yaliyobaki upande wa Lincoln

Ndugu, umeuliza iweje Kentucky na Maryland ziwe na watumwa na bado zibaki upande wa Rais Lincoln katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kama tangazo lake la uhuru wa watumwa la Januari 1, 1863 liliwakomboa watu wa huko. Halikuwakomboa. Alilitoa kama amiri jeshi mkuu, hatua ya kivita, hivyo liligusa maeneo ya kusini yaliyoiasi serikali yake tu. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri zikaachwa. Aliogopa kuzipoteza: Maryland imeuzunguka mji mkuu, Washington, pande tatu. Mwaka 1862 alikuwa ameziahidi fidia ya fedha zikiwaachia watumwa taratibu. Wabunge wao wengi wakakataa.

Lakini ukitaka kuuona ukatili wenyewe, tazama Camp Nelson, kambi ya jeshi la Muungano (upande wa Lincoln) huko Kentucky. Wanaume weusi walijiunga na jeshi hilo wapate uhuru, huku wake na watoto wao wakibaki mali ya mabwana. Novemba 1864, katika baridi kali, jeshi hilohilo liliwafukuza kambini wanawake na watoto takriban 400 na kubomoa vibanda vyao. Wengi walikufa, wakiwemo watoto wa askari waliokuwa zamu. Inaniuma kila nikisoma. Kelele zilizofuata zililisukuma Bunge, Machi 1865, kupitisha sheria ya kuzipa uhuru familia za askari.

Maryland ilifuta utumwa Novemba 1864, Missouri Januari 1865. Kentucky na Delaware ziling'ang'ania mpaka Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa nchi nzima, Desemba 1865, miezi kadhaa baada ya Jenerali Lee, kamanda wa waasi, kusalimu amri. Kentucky yenyewe iliyaridhia mwaka 1976!