Ananitishia kwa picha zangu: nikienda polisi, sitakuwa nimejishtaki mwenyewe?

SWALI: Habari wakili. Mimi ni kijana wa miaka 27, nakaa Migosi hapa Kisumu, na ni shoga. Nilizoeana na jamaa mmoja kwenye Grindr, ile app ya mashoga kutafutana, tukahamia WhatsApp, nikamtumia picha, mbili kati yazo nikiwa uchi na uso unaonekana. Sasa anadai shilingi 30,000, la sivyo atazituma kwa mama, kwa pasta wetu na kazini, halafu anishtaki polisi kwa sababu eti kuna "sheria mpya ya mashoga". Nimeshamtumia 8,000 kwa M-Pesa na bado anadai. Nikiripoti, si nitakuwa nimejipeleka mwenyewe kwa kifungu cha 162? Na ushahidi nitautoa vipi bila kujianika?

JIBU: Kaka, usimtumie hata shilingi moja tena. Ukilipa, anajua kwamba unazo na kwamba unaogopa, na dai linalofuata huja kubwa zaidi. Usimtukane, usimtishie, wala usimwombe msamaha kwa maandishi. Usimfungie namba kwanza, maana bado unahitaji aendelee kuandika. Akisukuma sana, mjibu kwa kifupi tu, "Nimeona ujumbe wako," basi.

Hofu yako ya kifungu cha 162 ina msingi, ila imekufanya usione upande wa pili. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inatoa hadi miaka 14 chini ya kifungu cha 162 kwa ngono "kinyume cha maumbile", miaka 7 kwa jaribio chini ya 163, na miaka 5 chini ya 165 kwa "vitendo vichafu" kati ya wanaume. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165, kwa hivyo bado ni sheria. Lakini vyote vinahusu vitendo. Hakuna kinachomfanya mtu kuwa mhalifu kwa kuwa shoga, kwa kuwa na Grindr kwenye simu, au kwa kumwambia mwanamume mwenzake kwamba anampenda.

Sasa soma kifungu cha 300 cha kanuni hiyohiyo. Mtu akitishia kumshtaki mwenzake kwa kosa fulani ili apate pesa, ametenda kosa la jinai. Na kama kosa analotishia nalo ni mojawapo ya yale ya Sura ya 15, ambamo kifungu cha 162 kimo, adhabu yake ni hadi miaka 14. Kifungu kinaendelea kusema haijalishi kama anayetishiwa alilitenda kosa hilo au hakulitenda. Shikilia hapo, kwa sababu ndipo kesi yako inaposimama. Polisi hawahitaji kujua ulilala na nani ili wamkamate jamaa huyo, wala wewe huhitaji kuwaeleza.

Kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 pia. Kifungu cha 27 kinahusu kumhangaisha mtu mtandaoni: faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Kifungu cha 37 kinahusu kusambaza picha za faragha za mtu mwingine: hadi shilingi 200,000 au miaka 2. Cha 37 kinakufaa pale picha zitakapokuwa zimetoka; kabla ya hapo, silaha yako ni 300 na 27.

Kuhusu hiyo "sheria mpya", anakudanganya. Mbunge wa Homa Bay Town, George Peter Kaluma, aliandaa Mswada wa Kulinda Familia mwaka 2023, lakini mswada si sheria na hakuna anayeweza kukamatwa chini yake. Uganda ndiyo iliyopitisha sheria kali mwaka huohuo wa 2023, na huenda tishio lake limenakiliwa kutoka huko. Sheria ya Uganda haivuki mpaka wa Malaba. Kenya haina sheria inayomlazimu mwenye nyumba, jirani au pasta kukuripoti. Na mwezi Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kulinyima shirika la watetezi wa haki za mashoga na wasagaji usajili kulivunja uhuru wao wa kujumuika. Kaluma aliomba uamuzi huo upitiwe upya, akashindwa Septemba mwaka huohuo. Siasa za jukwaani humpa tapeli maneno ya kutishia nayo. Hazimpi mamlaka yoyote.

Ushahidi ndipo kesi nyingi za aina hii zinapoharibikia, kwa hivyo fuata hatua hizi kwa makini. Kabla ya kupiga skrinishoti, fungua maelezo ya namba yake ili tarakimu zenyewe zionekane. Ukiwa umemsevu kama "Brayo", skrinishoti itaonyesha Brayo tu, na mahakama haimjui Brayo. Hakikisha tarehe na saa zinaonekana, na kila picha ianzie pale iliyotangulia ilipoishia. Zima ujumbe unaojifuta. Akituma kitu cha kutazamwa mara moja, WhatsApp haitakuruhusu kukipiga skrinishoti, kwa hivyo kipige picha kwa simu nyingine. Kisha hamisha mazungumzo yote kuwa faili na ulitume kwenye barua pepe yako, yenye nywila ambayo hujawahi kumpa mtu. Ukurasa wake wa Grindr uhifadhi kabla ya kuripoti kwa kampuni, maana ukishafutwa hutauona tena. Simu yenyewe usiiuze, usiifomati, usifute chochote, hata yale yanayokuaibisha. Ukifuta nusu ya mazungumzo, wakili wake atasema umeyachonga. Kinachopelekwa polisi na namna ya kukipeleka ni jambo la kuamua na wakili. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna kinachopotea.

Upande wa M-Pesa, tunza ule ujumbe wa kuthibitisha malipo, wenye msimbo wa muamala, jina, namba na saa. Chukua na stetimenti kupitia *334# au programu yao. Jina la mwenye laini unaweza kulipata bila kulipa kitu: anza kutuma pesa, na jina litatokea kabla hujathibitisha, kisha ukatize. Ila usimfuate mtu huyo, kwa sababu laini nyingi za matapeli zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote.

Wengi huambiwa warudishe pesa kwa kutuma ujumbe ule kwa 456. Usifanye hivyo. Huduma hiyo ni ya aliyetuma kwa makosa, na ukishasema ulikosea namba, umeandika kwa mkono wako kwamba hukutishwa. Maneno hayo yatarudi kukuumbua kortini.

Jambo jingine ni uchapishaji. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka nakala za kielektroniki ziambatane na cheti kinachoeleza simu iliyotumika, jinsi nakala zilivyotolewa, kompyuta na printa zilizotumika, na kwamba vyombo hivyo vilikuwa vinafanya kazi sawasawa. Anayeshughulikia kazi hiyo ndiye anayekitia sahihi. Ukichapisha kwenye saiba ya mtaani, mwenye saiba ameona picha zako, faili limebaki kwenye mashine yake, na huenda akahitajika kuja kortini. Chapishia katika ofisi ya wakili wako. Picha zako za uchi hazihitaji kuchapishwa ili kuthibitisha tishio. Maneno yake yanayozitaja pamoja na dai la pesa yanatosha kufungua faili.

Ukiwa tayari, nenda kituoni mchana, na mtu, ikiwezekana wakili au msaidizi wa kisheria. Mtandao wa NYARWEK, wenye makao Kisumu, umekuwa ukiunganisha vikundi vya kuchu, yaani mashoga, wasagaji na wenzao, vya Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi, na NGLHRC ya Nairobi, shirika lililoshinda ile kesi ya usajili, hushughulikia kesi kama yako. Ukiogopa kituo cha karibu na kwenu, ripoti kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, au anza na simu yao ya bure, 0800 722 203.

Kwenye dawati sema hivi: "Mtu mwenye namba hii ananidai pesa kwa kutishia kunishtaki na kusambaza picha zangu za faragha. Nimeshamlipa 8,000." Basi. Ukiulizwa, "Kwani wewe ni shoga?" jibu kwamba umekuja kuripoti kutishwa na kudaiwa pesa. Katiba, kifungu cha 50, inamlinda mtu dhidi ya kutoa ushahidi wa kujitia hatiani mwenyewe, na huo si ukaidi. Usidanganye, kataa tu kuingia kwenye mada hiyo. Usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, ambayo huandikwa kwa namba ya taarifa ikifuatiwa na tarehe. Taarifa yako ikishaandikwa, isome neno kwa neno kabla ya kutia sahihi. Ukikuta sentensi kama "mimi ni shoga na tulikuwa na uhusiano," na hukuisema, ikatwe na uweke sahihi ndogo pembeni. Simu ikichukuliwa kama kielelezo, dai orodha iliyotiwa sahihi yenye aina ya simu na namba yake ya IMEI. Namba yako ya siri usiiseme mezani. Ufunguaji wa simu ujadiliwe na wakili.

Jamaa akikuita mkutane Kondele au kwingineko umpe keshi, usiende. Hapo ndipo wenzake hutokea wakijiita polisi, wakachukua simu, wakakulazimisha ufungue M-Pesa na wakakukopea Fuliza juu yake. Kama kutakuwa na mtego, uwekwe na wapelelezi wenyewe, ambao hunakili namba za noti kabla hazijatoka mkononi mwao. Na ikitokea ukaibiwa kwa nguvu na watu zaidi ya mmoja, hilo ni wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296, kosa zito kuliko yote tuliyoyataja. Liripoti kwa jina hilo.

Mambo yakikugeukia ukawekwa ndani, kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Uchunguzi wa kulazimishwa wa sehemu ya haja kubwa hauruhusiwi. Mahakama ya Rufani kule Mombasa iliuharamisha tarehe 22 Machi 2018. Katika kesi hiyo Mahakama Kuu ilikuwa imesema wanaume wale walikubali, kwa hivyo usitie sahihi fomu yoyote ya kukubali, hata ukiambiwa ni utaratibu tu. Dhamana ya pesa taslimu ina risiti. Askari akidai pesa isiyo na risiti, au akiungana na anayekutishia, andika jina na namba yake ya kazi, upige 1559, simu ya IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi.

Picha zikitoka kabla hajakamatwa, ingia StopNCII.org. Mfumo huo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha hukohuko kwenye simu yako, picha yenyewe haitumwi, na majukwaa yaliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok yakiwemo, hutumia alama hiyo kuizuia. Kilichotumwa moja kwa moja kwa mtu WhatsApp hakifutiki kwa njia hii. Ukurasa wa udaku ukikuanika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu mwelekeo wa kimapenzi kuwa data nyeti, na unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, mwenye ofisi Kisumu na Nakuru. Sheria inampa siku 90 kumaliza uchunguzi.

Kuhusu mama na kazini, uamuzi ni wako na hakuna anayepaswa kukusukuma. Nguvu ya tishio hili imo kwenye kushtukizwa. Kama yupo mtu mmoja nyumbani unayemwamini, dada au mjomba, mwambie kwamba kuna tapeli anayetishia kutuma picha zako na kwamba umeripoti. Hulazimiki kumweleza zaidi ya hapo. Mwombe akae karibu na mama ujumbe usiofaa ukiingia. Ukiona usiku ni mzito na mawazo yanakwenda mahali pabaya, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, usisubiri asubuhi.

Na usiogope jina lako kusomwa kortini. Kifungu cha 50(8) cha Katiba kinaruhusu wanahabari na umma kutolewa nje ili kumlinda shahidi, na mlalamishi anaweza kutajwa kwa herufi tu. Hata ile kesi ya Mahakama ya Juu inajulikana kwa herufi za mlalamishi, EG. Ombi hilo mwambie mwendesha mashtaka aliwasilishe mapema, kabla mshukiwa hajasomewa mashtaka, kwa sababu jina likishaingia kwenye hati ya mashtaka na kusomwa mahakamani, yeyote aliyepo atalisikia.