Plagi ya chini ya filta ya dizeli inavuja: usiifunge tepu

Mkuu, pole. Umesema umebadilisha filta mwenyewe, plagi ya kumwagia maji inatoa jasho la dizeli, na mashine ya boti ikiwaka haimalizi dakika mbili inazima. Unauliza kama ufunge tepu. Usifunge. Na hayo si matatizo mawili, ni moja.

Mimi niliifunga. Boti yangu ni ya mbao, mashine silinda tatu, kazi yake kubeba abiria kati ya Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, na Kilindoni kule Mafia. Nilizungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi za plagi, nikakaza kwa spana, tone likakata, nikajiona fundi. Tulipotoka nje ya delta, kusi inavuma, mashine ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Tulifika kwa tanga, abiria hawanisemeshi.

Filta ile ya kwanza, yenye bakuli la kukusanyia maji, iko upande wa kuvuta. Pampu inanyonya dizeli kutoka tenki kupitia humo, kwa hiyo mashine ikiwa inazunguka penye upenyo hapatoki mafuta, panaingia hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoizima. Jasho unaliona ukishazima, na kama tenki liko chini ya filta huenda usilione kabisa.

Plagi ya plastiki kama hiyo haizibi kwa nyuzi, inaziba kwa oringi, ile pete ya mpira. Tepu inaizuia plagi kukaa hadi mwisho, ukilazimisha inapasuka (yangu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele), na nyuzinyuzi zake zinaweza kuzurura kwenye mafuta. Silikoni ya kawaida ndiyo usiiguse kabisa, dizeli inailegeza.

Kabla hujalitupa boksi la filta mpya, litikise. Mara nyingi oringi imo humo na watu wanaitupa. Kama haimo, beba ya zamani dukani, omba ya mpira wa kuhimili mafuta. Ya bomba la maji itavimba. Futa kikalio chake, chembe moja ya mchanga inatosha kuvujisha. Ipake dizeli, kaza plagi kwa vidole tu.

Pale juu filta inapofungwa nako, pitisha kidole uhakikishe gasketi ya zamani haikubaki imeganda. Gasketi mbili zikilaliana utatafuta hewa mpaka magharibi.

Filta hiyo ya kwanza unaweza kuijaza dizeli safi kabla ya kuifunga. Ile ndogo ya kwenye mashine usiijaze kwa kumimina, uchafu utakwenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli. Legeza skrubu ya kutolea hewa, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kisha kaza huku mafuta yanatoka.

Usiondoke gatini hapo hapo. Iache izunguke nusu saa, zima, weka gazeti kavu chini ya plagi. Ukiwa bado na wasiwasi, funga kwa muda kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, baada ya filta: mapovu utayaona yakipita.

Halafu mafuta uliyomwaga kutoka kwenye bakuli uyatie kwenye chupa ya maji ya kunywa, yasimame usiku kucha. Maji yatakaa chini. Yakiwa mengi, achana na filta, kaangalie mpira wa kifuniko cha tenki pale sitahani. Wangu ulikuwa umekatika nusu.