Barua kwa Mwalimu: Niache benki nikafundishe Kiingereza Thailand?

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 36, na huu ni mwaka wangu wa 12 nikiwa karani wa benki hapa Nakuru. Nina shahada ya biashara, na binti wa miaka 7 ninayemlea pamoja na mama yangu mzazi. Kazi imenichosha. Siku nzima niko nyuma ya kioo nikihesabu hela za watu, na tetesi za kupunguza wafanyakazi haziishi. Kuna wakala aliyenitafutia kazi ya kufundisha Kiingereza Bangkok: mshahara dola 1,500, chakula na malazi bure, cheti cha ualimu hakihitajiki. Anataka shilingi 180,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Anasema niingie kwa viza ya utalii, halafu shule itanibadilishia. Barua ya kuacha kazi nimeshaianza. Unanishauri nini?
Mama Binti, Nakuru

Marahaba, mwanangu. Barua hiyo ya kuacha kazi ifungie kabatini, na hiyo laki moja na elfu themanini usimpe mtu.

Naanza na wakala kwa sababu amekupa hadi mwisho wa mwezi tu. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwarudisha nyumbani vijana walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakapokelewa uwanja wa ndege Bangkok, wakapakiwa garini hadi Mae Sot mpakani, wakavushwa mto Moei na kujikuta Myanmar, ndani ya makambi yenye kuta na walinzi, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Wengi wao walikuwa na shahada kama wewe. Simjui wakala wako na simhukumu, ila maneno yake nayafahamu: mshahara wa dola, kila kitu bure, cheti hakihitajiki, viza ya utalii, haraka haraka. Muulize jina la shule na mji ilipo, kisha wewe mwenyewe uipigie shule hiyo simu na uombe kuzungumza na mwalimu mgeni anayefundisha pale. Tazama pia kama wakala huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Shule ya kweli haitakasirika ukiuliza.

Na hata kama shule ipo, hiyo viza ya utalii ikatae. Kufundisha Thailand bila kibali cha kazi ni kosa la mgeni mwenyewe. Siku ya msako hata shule inaweza kutozwa faini, lakini mwalimu hulipa yake na kufukuzwa nchini. Njia halali inaanzia kwetu: shule inakuandikia barua, unaitumia kuomba viza kwa ubalozi wa Thailand uliopo Nairobi, unapewa viza aina ya B isiyo ya uhamiaji, na ukifika huko shule inakuombea kibali cha kazi. Baada ya hapo utaripoti uhamiaji kila siku 90. Kwa kuwa shahada yako si ya ualimu, shule itakuombea pia ruhusa ya muda ya miaka miwili kutoka Khurusapha, baraza la walimu la huko. Shahada ya biashara haikuzuii.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana kwenye barua yako umeandika habari za benki, za mshahara na za wakala. Habari za watoto wa watu utakaosimama mbele yao sikuziona.

Mimi nilikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Niliondoka nikiwa na miaka 37, nikafundisha miaka sita katika mji wa Nakhon Ratchasima, ambao wenyeji wanauita Korat. Wiki yangu ya kwanza nilipewa darasa la watoto 48. Nilijaza ubao sarufi kwa mwandiko mzuri kama wa hati za forodha. Watoto wakakaa kimya, wakinitazama kwa adabu. Nilidhani wananielewa. Kipindi kilipokwisha, mwalimu mwenzangu Mfilipino, mama mtu mzima, akaniambia kwa upole kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyenielewa, na kwamba Mthai hamwambii mwalimu "sijaelewa" kwa kuogopa kumwaibisha.

Nililia usiku ule. Kesho yake nikapitia sokoni, nikanunua maembe, ndizi na mfuko wa pilipili, nikageuza darasa kuwa genge. Huyu muuzaji, yule mnunuzi, bei ipandishwe, bei ishushwe. Kelele zilisikika hadi ofisi ya mkuu. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuwa mwalimu, na ujuzi wa kupatana bei niliutoa soko la Kongowea kwetu Mombasa, sikuutoa kwenye cheti chochote.

Kuna jambo jingine nililolipenda mno. Sisi Waswahili tukikutana na neno la kigeni linaloishia na konsonanti, tunaliongezea irabu ili ulimi upate pa kutua: benki, basi, kadi. Mthai hufanya kinyume, mwisho wa neno anaukaba. Gari tunaloliita basi, yeye humalizia kwa sauti ya t iliyobanwa, "bat". Nilipowaeleza wanafunzi wangu kwamba hata lugha yangu ina vita vyake na maneno haya haya, walicheka, wakaacha kuona haya. Mwalimu aliyezaliwa ndani ya Kiingereza hana hadithi hiyo ya kuwapa. Nakwambia hili kwa sababu utakutana na matangazo mengi ya kazi yanayotaka "wazawa wa Kiingereza" peke yao na kuomba picha yako kabla hawajasoma hata mstari mmoja wa wasifu wako. Inauma. Shule moja ilinisifu kwenye simu, ikanyamaza baada ya kuiona picha. Mzazi mmoja alitaka mwanawe ahamishwe darasa langu kabla sijamfundisha kipindi kimoja. Mwisho wa mwaka mama huyo huyo alinijia na kikapu cha matunda, lakini sikuahidi kwamba wote watakujia na kikapu.

Fedha. Mimi nilianza na baht 22,000 kwa mwezi, na nilipoondoka nilikuwa kwenye 28,000. Baht moja inakaribia shilingi 4 za Kenya, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, wewe ni mtu wa benki. Wenzangu kutoka Uingereza na Marekani walilipwa zaidi kwa vipindi vile vile, tena katika shule ile ile. Chumba nilikipata kwa 3,500, na chakula cha mtaani ni rahisi, hivyo nilikuwa natuma nyumbani kila mwezi isipokuwa Aprili. Aprili iweke akilini. Shule zinafungwa kuanzia Machi hadi katikati ya Mei, na mikataba mingi ni ya miezi 10 au 11. Mwaka wa kwanza sikuusoma mkataba hadi mwisho. Wenzangu walisherehekea Songkran, mwaka mpya wa Kithai, kwa kumwagiana maji barabarani, mimi nilikuwa chumbani nahesabu pakiti za tambi. Mkataba usome mpaka ukurasa wa mwisho, na uulize kwa maandishi: miezi mingapi inalipwa?

Binti yako sasa. Hili ndilo gumu, na sitakudanganya. Mshahara niliokutajia hautoshi kumweka katika shule ya kimataifa, na shule za kawaida hufundisha Kithai. Mwaka wa kwanza itabidi abaki na bibi yake. Mimi nilimwacha mwanangu wa miaka 9 kwa dada yangu Likoni. Thailand iko mbele yetu kwa saa nne, kwa hiyo akirudi shule saa 11 jioni, kwangu ilikuwa saa 3 usiku, na kesho yake saa 2 asubuhi lazima niwe uwanjani kwenye wimbo wa taifa. Tulizungumza kila siku kwa miaka miwili, mpaka nilipoweza kumleta wakati wa likizo. Bado kuna vitu vya utoto wake ambavyo dada yangu anavijua na mimi sivijui. Kaa na mama yako mzungumze, muulize nguvu zake zikoje, na mumshirikishe binti mwenyewe. Miaka saba ni umri wa kuelewa.

Kama baada ya haya bado moyo unakwenda, basi fanya hivi. Endelea na benki. Tafuta shule ya msingi jirani, ukaombe kusaidia kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Fundisha kusoma, fundisha hesabu, lolote. Utajua mapema kama saa nne za kusimama mbele ya watoto zinakuchosha kama kile kioo au zinakupa usingizi mzuri. Hapo ndipo utoe fedha ya mafunzo. Vyeti vya mtandaoni vya saa 120 vinakubalika katika shule nyingi, ila vingi havikusimamishi mbele ya mwanafunzi hata siku moja. CELTA ya Cambridge ni ghali zaidi, lakini ndani yake kuna saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi amekaa nyuma anaandika makosa yako. Ningekuwa na zile 180,000 mkononi, ningezipeleka huko. Wakati huo huo chukua cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi, DCI, na shahada yako ipigwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje. Shule nyingi hutafuta walimu kuanzia Februari kwa ajili ya muhula wa Mei, na tena kuelekea muhula wa pili unaoanza mnamo Novemba. Ukianza sasa, hutachelewa.

Niandikie baada ya Jumamosi ya tatu.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa kilimo, miaka 41, Morogoro. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari na chuo kwa Kiingereza. Natamani kufundisha Kiingereza Japani au Korea Kusini. Inawezekana? Na lafudhi yangu ya Kitanzania je?
Mkulima, Morogoro

Marahaba, ndugu yangu. Korea Kusini mlango umefungwa: viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza inatolewa kwa raia wa nchi saba tu, na kutoka Afrika ni Afrika Kusini peke yake. Japani haitazami pasipoti kwa namna hiyo. Wanachodai kwa mwalimu wa lugha wa shuleni ni miaka 12 ya masomo kwa lugha hiyo. Hesabu yako: sekondari minne, kidato cha tano na sita miwili, chuo mitatu. Jumla tisa. Imepungua mitatu, na ile saba ya msingi, ambayo ndiyo iliyokufundisha kufikiri, hawaihesabu. Naliona hilo kuwa ni dhuluma, lakini siwezi kukuambia upoteze nauli juu yake.

Thailand kwako imo. Shule nyingi zitakuomba alama za TOEIC au IELTS, mitihani ya kupima Kiingereza, kwa kuwa hutoki nchi ya Kiingereza, basi fanya IELTS kwanza kabla ya gharama nyingine yoyote.

Kuhusu lafudhi, usiibadilishe. Tunatamka kila silabi, hatumezi maneno, na mtoto anayeanza lugha anahitaji sauti ya namna hiyo hasa. Mkuu wangu wa idara Korat aliwahi kuniomba nisome mimi mtihani wa kusikiliza wa darasa la nne, kwa kuwa watoto walikuwa wakinielewa kuliko kanda iliyonunuliwa. Nilisoma mitihani hiyo miaka minne mfululizo.