Siku nne Lamu? Ongeza mbili

Dada yangu, umeuliza kama siku nne zinatosha kutoka Dar, kutembea Lamu na kurudi. Ukija kwa basi, hazitoshi kabisa. Dar hadi Mombasa, Mombasa hadi Malindi, kisha Mokowe, gati ya upande wa bara, ukapande boti: barabara peke yake itakula siku zote hizo. Ukija kwa ndege utashukia Manda, kisiwa kinachotazamana na mji wa Lamu; ukivuka maji tu uko mjini.

Hata hivyo ningekuomba ukae siku sita, na sababu ni maji. Magofu ya Takwa yako kisiwani Manda, na boti huingia kwa mkondo mwembamba katikati ya mikoko, maji yakijaa. Ukiangukia maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai sana, nahodha anaweza kukwambia msubiri, au mshuke mmalizie kwa miguu topeni. Kisiwa cha Pate nako ni vivyo hivyo: Mkanda, mlango wa maji ambao boti hupitia kwenda huko, ni shida kupita maji yakitoka, na ngome ya Siyu si ya kuangaliwa mbiombio huku nahodha anawaita. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi ya kurudi, angalia mwezi. Bamvua, yaani maji yanapojaa zaidi, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu; panga Takwa na Pate siku hizo.

Mji wa kale siku mbili, Shela, kijiji cha ufukweni, asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Ijumaa adhuhuri usipange shughuli, maduka mengi hufungwa kwa ajili ya swala. Kama unakuja na watoto niambie, Pate tutaiondoa.